Herufi Pacha

Ijumaa, 1 Septemba

Vidole vinauma tena. Kesi mbili leo, ya pili ni ya mpaka wa shamba — ndugu wawili, mti mmoja wa jozi, mashahidi chungu nzima! Hakimu Pejin anasema, mimi nachapa. Leo alikuwa anasema kama mtu anayewahi treni. Ndiyo kazi yangu tangu ujana, na sijawahi kuilalamikia. Ila kibodi hii ya ofisi! Imekufa. Ukibonyeza ni kama unabonyeza mkate uliolowa. Nusu ya herufi haziingii, na nikitia nguvu bega lote linawaka.

Halafu habari za korido. Mwakani zinaletwa mashine za kurekodi sauti. Wapiga chapa tuko watano. Slavica ameambiwa na mtu wa utumishi kwamba watabaki wawili.

"Watabaki wenye kasi, shoga," kasema, huku anazima sigara kwenye chungu cha ua. "Mimi na wewe tuanze kusali."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Kesho nakwenda kwa yule Ognjen anayeuza kibodi za swichi. Nimeamua. Nadhani nimeamua.


Jumamosi, 2 Septemba

Nimenunua! Moyo unadunda kama nimeiba.

Duka liko kwenye kichochoro nyuma ya soko, zamani pakiuzwa vifungo vya nguo. Ognjen ni pande la mtu. Alikuwa refa wa mpira wa kikapu mpaka goti lilipomshinda. Mikono yake mikubwa kama sahani, halafu bidhaa zake vitu vidogo vidogo — swichi, springi, kofia za vitufe. Nikamwambia mimi ni mpiga chapa wa mahakama, kibodi ya namna hii sijawahi kuigusa. Nikamwambia pia naogopa. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Kaa kwanza, dada," akasema. "Mimi nikianza kusifu sitanyamaza. Viache vidole vyako viseme."

Akaniwekea tatu. Ya kwanza kimya, kama inanong'ona. Ya pili ina kijigongo katikati, kidole kinakihisi. Ya tatu — ta! ta! ta! Kila kitufe kina swichi yake peke yake, na kila swichi inalia ikishaingia. Nikachapa "Kwa jina la wananchi", yale maneno ya juu ya kila hukumu, nikajikuta nacheka peke yangu.

"Hii itaamsha wafu," nikasema.

"Si ndiko kwenu mahakamani wanakolala?"

Vitufe vina herufi za Kilatini tu, za Kisirili tunazoandikia mahakamani hakuna. Akaomba radhi. Nikamwambia mimi vitufe sijavitazama tangu shule. Akaniangalia kwa heshima mpaka nikaona haya.

Nilichukua ya tatu. Kabla ya kutoka niliuliza kama ninaweza kuirudisha. Nikauliza tena mlangoni. Tihomir hajauliza bei. Mume mwema, au amesahau tu.


Jumatatu, 4 Septemba

Usingizi haukuja vizuri. Je, wakinicheka?

Walicheka! Shahidi wa kwanza alikuwa mzee mmoja mfuga nyuki. Kila nikichapa, anasita, anageuka. Mwishoni akamuuliza hakimu, "Mheshimiwa, huyu mama ananipiga risasi?" Ukumbi mzima! Nilitaka kuingia chini ya meza.

"Endelea, baba," Hakimu Pejin akamwambia. "Anaandika tu."

Lakini baadaye, chumbani kwake, akaniambia hata akifumba macho anajua nimefika wapi. Mlio ukikoma, anajua sentensi imekwisha. "Napenda, Biserka." Napenda! Miaka yote hii naye, neno hilo sijawahi kulisikia.

Na kasi — sijui niseme nini. Vidole vinakimbia kabla sijavituma. Slavica akajaribu mchana, akachapa tusi moja refu. "Shoga, hii ni kama kula karanga, mtu haachi!" Wote wanne wanataka. Hakimu mwenyewe amepeleka maombi ofisi ya ununuzi, wanunuliwe kwa Ognjen. Nikampigia simu kumpa habari. Akasema: "Dada, biashara ilikuwa imelala kabisa. Mungu akubariki."

Nina furaha. Na hapo hapo hofu. Kitu kikianza vizuri namna hii, naanza kutafuta kitaharibikia wapi.


Jumatano, 6 Septemba

Kitu kidogo. Nikipitia kumbukumbu za kesi kabla hazijatiwa sahihi, nimekuta L mbili mahali pa moja. Lugha yetu haina herufi pacha. Zikikaa mbili pamoja jicho linazinasa papo hapo, kama mtu aliyevaa viatu viwili vya mguu mmoja. Nimefuta.

Haraka ya mkono, basi.


Alhamisi, 7 Septemba

Leo nne. Zote L. Nimezifuta kabla Hakimu hajaona.

Kitufe cha L ni kibovu. Kitu kipya kinaweza kuwa kibovu — sivyo? Ndiyo. Kinaweza.


Jumamosi, 9 Septemba

Siku ya pilipili hoho. Tihomir anachoma uani tangu asubuhi, moshi umejaa mtaa mzima, kila nyumba inapika ajvar, rojo ya pilipili hoho ya kuweka akiba ya majira ya baridi. Yeye anachoma, mimi namenya. Ngozi zinateleza, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha.

"Bisa," akaniita, "unazimenya au unazichezesha ngoma?"

Nikaangalia. Mkono wa kulia. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinasuguana vyenyewe, polepole, kama vinafikicha kitu. Sikuvituma mimi. Nikasema pilipili bado za moto.

"Basi pumzika, mke wangu. Hizi hazina miguu, zitakungoja."

Nikaingia ndani kunawa. Nilinawa muda mrefu mno.

Mchana alipolala nikaleta kibodi jikoni. Ognjen alinielekeza juzi kwa simu: vua kofia ya kitufe, ng'oa swichi kwa lile koleo dogo lililokuja na kibodi, ipeleke kwingine. Nikaing'oa ya L, nikaipachika kule juu kwenye kitufe ambacho kazi yake sijawahi kuijua. Ya kule nikaileta kwenye L. Kazi ya jasho — miguu ya swichi myembamba kama sharubu za mende. Nikachapa ukurasa mzima wa upuuzi.

Swichi imehama. Kosa halikuhama.

L mbili. L mbili. Na sasa O pia, na K moja. Nikaweka vidole juu ya herufi hizo bila kubonyeza, nikatazama ni vidole vipi. Vyote vya kulia.

Baba alikuwa kinyozi. Alifunga duka lake mapema, akasema macho yamechoka. Macho yake yalikuwa mazima! Alisoma gazeti bila miwani mpaka mwisho. Hatukumuuliza. Aliacha pia kunywa supu mbele ya wageni, kijiko kilikuwa kinamwaga njiani, na hilo nalo hatukumuuliza.

Leo siandiki zaidi.


Jumapili, 10 Septemba

Ajvar imeiva, chupa zimejaa. Tihomir anaimba. Nimeukalia mkono.


Jumanne, 12 Septemba

Aibu, aibu.

Kesi ya ajali — lori na mwendesha baiskeli. Shahidi alisema alichoona, Hakimu akanisomea: lori lilikuwa umbali wa mita nane lilipoanza kukata kona. Nikachapa kwa tarakimu. Tukatoa nakala, pande zote wasome kabla ya sahihi. Wakili wa kampuni ya lori, Kecman, yule wa tai ya njano, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, kwa mujibu wa karani wetu, lori lilikuwa mita themanini na nane. Shahidi sijui alikuwa na darubini!"

Kicheko. Kijana wa baiskeli hakucheka. Amekaa pale, mguu umefungwa vyuma mpaka kwenye nyonga, akanitazama mimi. Si wakili, mimi. Kwenye mita themanini na nane lori halina kosa lolote, angegeuka yeye ndiye mwenye kosa. Na kama Kecman angenyamaza? Kama ingetiwa sahihi?

"Biserka?" Hakimu akauliza.

Mdomo ukajibu wenyewe. "Ni kibodi, Mheshimiwa. Inarudia herufi. Mbovu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Tangu mwanzo! Nilisema hivyo, mbele ya watu, mahali ambapo kila siku nasikia watu wakiapishwa.

Hakimu aliiondoa mezani kwa mkono wake mwenyewe. Mchana akasitisha yale maombi ya ununuzi. Slavica akanishika bega. "Yule refa ametuchezea rafu, shoga! Si angalau angekupa nzima?" Wenzetu wakaitikia. Mmoja akasema ataandika mtandaoni, watu wajihadhari na duka lile.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Sikumtetea hata kwa neno moja.


Jumatano, 13 Septemba

Nimerudishiwa kibodi ya zamani, ile iliyokufa. Siku nzima — hakuna pacha hata mmoja! Nimesoma kila ukurasa mara mbili. Safi! Nilitoka kazini karibu naruka. Kumbe kweli ni kibodi. Ni kibodi, ni kibodi, ni kibodi. Nikanunua burek ya jibini kwa mwokaji, nikala nikitembea kama msichana wa shule.

Jioni nilikuwa naosha vyombo. Likanijia wazo, sikuliita. Ile ya zamani lazima uikandamize kama unakanda unga mgumu. Kidole kikigusa kidogo tu, hakuna kitu. Ile mpya inasikia kila kitu. Inasikia hata nisichokusudia.

Vyombo sikumaliza. Tihomir kamalizia, hakuuliza.


Ijumaa, 15 Septemba

Ognjen amekuja kazini.

Nilimwona kutoka dirishani akipandisha ngazi, goti likimsumbua, nikafikiria kujificha chooni. Kweli nilifikiria! Mwanamke wa umri wangu. Nilitegemea makelele. Hakupiga.

"Dada, nimesoma mtandaoni kwamba nauza takataka," akasema. "Sikuja kugombana. Mtu akisema kitu changu kibovu, nataka nikione kwa macho."

Nikaitoa ile mpya drooni, nikampeleka chumba cha mafaili ya zamani, hakuna anayepita huko. Akaunganisha kibodi kwenye kompyuta yake, akachapa yeye. Vidole vile vikubwa! Polepole, kisha kwa kasi, mistari na mistari. Safi kabisa. Akainuka, akanisogezea kiti.

"Sasa wewe. Andika chochote."

Nikaandika yale maneno ya hukumu. Yeye hakutazama kioo. Alitazama mkono wangu. Na sauti ilikuwa inasema kila kitu: ta, ta, tata, ta. Tata. Nikaacha.

Kwenye korido mtu alikuwa anacheka na simu. Ognjen akaanza kukunja waya wa kibodi, taratibu, akiuzungusha kwenye kiganja kama anafunga bendeji.

"Jumatatu nitaonana na hakimu wako," akasema.

Nikamsihi asiseme. Hata sijui nilimsihi asiseme nini.

"Lisilo langu silisemi. Lakini wewe, dada, muone daktari. Siku hizi kuna dawa."

Lile jina la ugonjwa hakulitaja. Wala mimi. Hata hapa siliandiki.

Tihomir sijamwambia.


Jumapili, 17 Septemba

Nilianza mara mbili kumwambia. Mara ya kwanza simu ikalia, binti wa dada yake. Mara ya pili hakuna kilicholia. Nikamuuliza kama anataka kahawa.


Jumatatu, 18 Septemba

Naandika nikiwa kazini, kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha Hakimu. Sijawahi kutoa shajara hii hapa. Lazima niandike, nisipoandika nitainuka niende nyumbani.

Asubuhi Ognjen alikuja amevaa suti, kibodi ameibeba kwapani kama keki ya harusi. Akaingia kwa Hakimu. Slavica akaitwa naye ajaribu. Mimi sikuitwa. Mlango ulifungwa, lakini mlio ule hauzuiwi na mlango. Akachapa Ognjen kwanza, namjua kwa uzito. Akachapa Slavica, mbio mbio. Nilisimama kando ya ukuta nikisikiliza kama mtu anayesubiri hukumu ya mwanawe. Kitufe kimoja, mlio mmoja. Kitufe kimoja, mlio mmoja. Mwanzo mpaka mwisho, hakuna pacha.

Sasa atasema, nikawaza. Sasa jina langu litatoka.

Slavica akatoka wa kwanza, macho yanang'aa. "Kakiri mwenyewe! Eti swichi moja ilikuwa mbovu, imeshabadilishwa. Kaomba radhi mpaka nikamhurumia. Hakimu kamwambia mahakama si mahali pa kucheza bahati nasibu, kibodi zake hazitaki tena. Wewe umesafishika, shoga!"

Nimesafishika.

Ognjen alipotoka nilimfuata mpaka kwenye ngazi. Nikamuuliza kwa nini.

"Nitauza kwingine."

"Utauza wapi? Mji wenyewe huu! Umewadanganya kwa ajili yangu."

"Nimesema swichi ilibadilishwa. Si uliibadilisha kwa mkono wako?" Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Nimekupa muda tu, dada. Si mwingi."

Akanikabidhi kibodi, akashuka, mguu mmoja mmoja, ameshikilia ukuta.

Nikarudi mezani kwangu. Kesi ya baiskeli inaendelea leo baada ya mapumziko, anahojiwa kijana mwenyewe. Nimemwona kwenye benchi la chini, mama yake anamrekebishia kola. Alinisalimia kwa kichwa. Kwa heshima! Kila atakachosema kitapita kwenye vidole hivi, kisha kitatiwa sahihi. Nikajaribu kufikiria nikichapa. Kibodi ya zamani, nikandamize kwa nguvu, nisome mara tatu. Ningeweza. Leo ningeweza. Na wiki ijayo? Na kesi ambayo wakili hatanyoosha mkono?

Nikatuma ujumbe kwa Tihomir: njoo unichukue saa nane, tuna mahali pa kwenda. Kajibu: wapi? Bado sijamjibu.

Kisha nikaja hapa, nikabisha. Hakimu alikuwa kwenye simu. Akanionyesha kidole: subiri. Nikarudisha mlango, nikakaa. Nasubiri. Naisikia sauti yake, anazungumza na mtu kuhusu tarehe za kesi.

Nitaanza na Ognjen. Nitasema kibodi ni nzima, ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza, mtu yule hana kosa. Hapo nitaweza, maneno hayo nimeshayapanga. Lakini Hakimu si mtu wa kuachia hapo. Ataniuliza: basi ni nini, Biserka? Na mimi niliyechapa maneno ya wezi na wajane na wapima ardhi, ya kwangu sina. Nimejaribu hapa mara tatu, nimekata mara tatu. Labda nisiseme. Labda niuweke tu mkono mezani kwake, niuache, auone wenyewe unavyo —

Kaweka simu. Kiti kinavutwa. Viatu vyake vinakuja mlango —